Kumshikia Ndinda

Siku ya kuniaga, mkuu wa idara aliniomba niseme maneno machache. Nikasema asanteni, nikaketi. Walipiga makofi sana, nadhani ni kwa sababu ya ufupi. Walinipa blanketi la Kimaasai na chupa ya chai, kana kwamba kustaafu ni ugonjwa wa baridi. Sasa niko nyumbani Ngong, asubuhi ni ndefu, na yale maneno machache yamenijia yakiwa mengi. Nawaandikia ninyi walimu vijana mnaoingia darasani na rejista mkononi. Habari za vyeo na mishahara nitaziruka. Cheo changu mwakijua, na mshahara haukutosha hata kusimuliwa.

Nilifika Kitengela katikati ya miaka ya tisini, nikitokea shule ya sekondari nilikofundisha. Nilikuwa nimesikia kwamba chuo kikuu cha binafsi kimefunguliwa na kinatafuta mtu wa kuwafundisha walimu watarajiwa mbinu za kazi. Nilivaa sketi yangu nzuri na viatu vya kanisani. Nikakuta chuo kiko juu ya duka la mabati. Orofa ya chini walikata mabati kwa msumeno wa umeme, ya kwanza ilikuwa ofisi, ya pili madarasa. Msumeno ukianza, mwalimu ananyamaza. Ukinyamaza, mwalimu anaendelea alipoachia. Wanafunzi wangu wa kwanza walijifunza kuandika upesi kuliko watu wowote niliowahi kufundisha. Watu wa mjini walikiita chuo cha mabati, na wanafunzi walipoulizwa wanasoma wapi walijibu, "Huko Nairobi."

Aibu hiyo niliielewa. Wengi wao walikosa nafasi ya chuo cha serikali kwa pointi moja au mbili, na nyumbani waliambiwa wamefeli hata kabla hawajaanza. Wengine walikuwa walimu wa shule za msingi waliokuja jioni wakiwa na chaki kwenye mikono ya koti. Kutoka dirisha la darasa la mwisho ungeona pundamilia wakila nyasi mahali ambapo leo pamejaa ghorofa na baa. Upepo wa mbugani ulibamiza milango mchana kutwa. Mitihani tuliichapa kwenye mashine ya stensili iliyotapika wino, na juma la mitihani ungewatambua walimu wa chuo chetu sokoni kwa vidole vyao vyeusi.

Aliyenifundisha kazi ni Bwana Parmuat, mzee wa Kimaasai aliyewahi kuwa mkaguzi wa shule. Tulifundisha somo moja na tukapewa meza moja, kwa sababu meza zilikuwa chache. Siku yangu ya pili alinisikiliza nikifundisha, kisha akaniita kando.

"Madam, umewauliza 'mmeelewa?' mara ngapi?"

"Sikuhesabu, Bwana Parmuat."

"Hakuna mtu anakataa hiyo swali. Hata mimi nimesema ndiyo, na sikuwa nasikiliza. Muulize mtu kitu ya kufanya."

Rejista hakuiita kamwe. Alisimama mlangoni kabla ya kipindi, akampa kila mwanafunzi mkono, akasema "Sopa," salamu ya Kimaasai, akangoja kuitikiwa "Ipa" hata na Mkikuyu aliyefika jana kutoka Murang'a. Ndipo akaketi na kuweka alama zake za mahudhurio kutoka kichwani tu. Nilimwuliza kwa nini hafanyi kama sisi wengine. Akanijibu, "Hii karatasi haijui mtu ako na homa. Mkono inajua." Nilicheka. Nilikuwa kijana bado, na nilidhani ni mikogo ya uzee.

Ndinda Kilonzo alikuja kwetu mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Kwao ni upande wa Kitui. Baba yake alilima mtama na ndengu na alikuwa mzee wa kanisa, na mama yake ndiye aliyesisitiza kwamba huyu msichana hataishia kidato cha nne. Alikuwa mrefu, mwenye sauti nzito ya mtu aliyezoea kuita mbuzi kutoka mbali. Alisoma hisabati na jiografia. Alikuwa na tabia ya kufuta ubao kuanzia pembeni kwenda katikati, polepole, kama mtu anayefagia chumba cha mgonjwa, na mpaka hivi leo nikiona ubao mchafu ndiye ninayemkumbuka.

Mwaka wake wa pili tulimpeleka kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule moja huko Oltepesi. Mimi na Bwana Parmuat tulikwenda kumkagua kwa pikapu yake kuukuu, tukapita Kiserian na kuteremka kwa barabara ya Magadi, tukisimama kila mara kuipa rejeta maji. Tulimkuta Ndinda akiwa amekaribia kukata tamaa. Alisema watoto hawampendi. Kila asubuhi walimjia wameinamisha vichwa, wakasimama hivyo mbele yake, kisha wakaondoka wamenuna. Yeye alidhani wanaomba radhi kwa kosa fulani, na kwa upole akawaambia, "Haya, nimewasamehe, nendeni."

Bwana Parmuat alicheka mpaka akashika ukuta. "Wanakusalimia, mama. Mtoto akiinamisha kichwa, unamgusa hapa juu. Wewe umewakataa wiki mbili mzima."

Ndinda alitoka nje. Tulimwona kupitia dirishani akienda kwa mtoto mmoja mmoja pale uwanjani, akigusa vichwa, vingine mara mbili kufidia. Tulipoingia darasani kumkagua, watoto walikuwa wakigombania kunyoosha mikono kujibu maswali ya hesabu za sehemu. Nilimpa alama nzuri. Njiani kurudi Bwana Parmuat alisema, "Huyo atakuwa mwalimu," na kwa mtu aliyekagua shule maisha yake yote hiyo ilikuwa hotuba ndefu.

Mwaka uliofuata chuo kilinona. Kila mtu alitaka digrii, na kila aliyeitaka alipokelewa. Ukajengwa ukumbi mpya nyuma ya duka, wa mabati bila shaka, ukawekwa kipaza sauti. Darasa ambalo Bwana Parmuat alilisalimia mlangoni likawa umati. Alijaribu. Alisimama mlangoni siku ya kwanza ya muhula akitoa mkono, na kipindi kikaisha nusu ya watu wakiwa bado nje. Mwezi huo akaandika kwamba anastaafu, akarudi kwa mbuzi wake Ewuaso Kedong. Sikumlaumu. Nilibaki peke yangu na meza nzima, jambo nililokuwa nimelitamani kwa miaka, na sikuifurahia hata siku moja.

Wakati huo ndipo lilipozoeleka neno ambalo ninyi nyote mlilikuta na mnalifikiri la kawaida: kushikia. Chuo kilikuwa na kanuni kwamba aliyekosa theluthi ya vipindi hafanyi mtihani. Basi mwanafunzi akiwa na udhuru, alimwambia mwenzake, "Nishikie." Jina lake likiitwa, mwenzake anaitikia "Present" kwa sauti aliyoibadili kidogo, na mambo yanakwenda. Walimu walijua. Tulifanya mizaha juu yake tukinywa chai. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo, lakini kwetu asiyekuwapo lake lilikuwapo, limeandikwa kwa wino. Na lazima niseme kweli, haukuwa uvivu mtupu. Walimshikia mwenye mtoto mgonjwa, walimshikia aliyepata kibarua kule viwandani Athi River, walimshikia aliyefiwa. Ndiyo njia waliyoijua ya kumbeba mtu.

Desemba ya mwaka wake wa tatu, mama yake Ndinda alifariki. Aliugua kifua siku chache tu. Ndinda alirudi Januari akiwa amenyoa nywele na amekonda. Nilikutana naye kwenye ngazi nikampa pole. Akasema, "Asante Madam, nimeshapoa." Nilimshika mkono, ulikuwa baridi, nikamwambia aje ofisini tuongee. Akasema atakuja. Juma hilohilo nikatumwa upande wa Ewuaso Kedong kukagua mazoezi ya mwaka wa pili, na darasa langu likachukuliwa na kijana mmoja wa idara mpaka nitakaporudi.

Nilirudi mvua za Machi zikiwa zimeanza. Jumanne asubuhi nikamkuta mzee kwenye ngazi za ofisi, amevaa koti la kanisani na ameshika mfuko wa ndengu kwa mikono miwili. Viatu vyake vilikuwa vimejaa tope la Kitengela, ambalo mwalijua, halitoki hata kwa kisu. Alinitazama akauliza, "Mwalimu, wewe ndiye ulikuja kumwona Ndinda akifundisha huko kwa Wamaasai?"

Nikamwambia ndiye mimi.

"Mimi ni baba yake. Alituambia ile maneno ya vichwa. Mama yake alicheka sana, Mungu amrehemu." Akauweka mfuko vizuri mikononi. "Amenyamaza. Kila mwezi alikuwa anatuma salamu na dereva wa basi, sasa hakuna. Nimesema wacha nije. Lakini hapa kwa ofisi wameniambia ako sawa. Wameangalia wakasema hajakosa hata darasa moja."

Uso wake ulikuwa umelegea kwa nafuu. Nilifurahi pamoja naye. Nilimwambia darasa lake ni langu na linaanza sasa hivi, twende wote, ampe ndengu zake, na leo nitamruhusu msichana atoke mapema akae na baba yake.

"Sitaki kumharibia masomo," akasema.

"Kukaa na mzazi hakuharibu masomo, baba Ndinda."

Nikamketisha benchi la mbele, karibu na mlango. Ukumbi ulijaa, mabati yaligongwa na manyunyu, na huko dukani msumeno ulikuwa kazini. Mzee aligeuka akapekua safu za nyuso kwa macho. Akaninong'oneza kwamba hamwoni. Nikamwambia watu ni wengi, ataitikia tu. Nikafungua rejista nikaanza kuita. Nilipofika herufi ya K, nikamtazama mzee, nikatabasamu, nikasema kwenye kipaza sauti, "Ndinda Kilonzo."

"Present, Madam."

Mzee alisimama. Aligeukia upande ule sauti ilikotoka, mfuko wake umeinuliwa kidogo, kama mtu anayemwonyesha mtoto alichomletea. Alisimama hivyo akingoja. Hakuna aliyeinuka. Tabasamu lilikaa usoni mwake kwa muda baada ya kukosa kazi, kisha likaondoka. Akanigeukia.

"Mwalimu," akasema kwa sauti ya chini, "hiyo sauti si ya mtoto wangu."

Alisema kwa adabu, kama anayeniomba nirekebishe kosa dogo. Nikaita jina tena. Wa dukani wakauzima msumeno wao kana kwamba nao wamesikia.

Aliyesimama ni msichana anayeitwa Njoki, rafiki yake Ndinda wa hisabati. Alikuwa analia tayari. "Madam, ni mimi. Namshikia tu, hapa na hisabati. Aliniambia nimshikie kidogo, amechoka."

"Tangu lini?"

"Tangu Januari."

"Na yuko wapi?"

"Anakuja jiografia, Madam. Niliuliza watu wa jiografia, wakasema huko ako kila siku."

Hapo akasimama msichana mwingine upande wa pili, Soila, wa kutoka Ngong. Hakumtazama mzee. Alimtazama Njoki. "Jiografia ni mimi namshikia," akasema. "Si mimi nilikuwa nasikia akiitikia huku? Nilijua huku anakuja."

Nimefundisha miaka mingi na sijawahi kuona nyuso mbili kama zile. Kila mmoja alimpenda. Kila mmoja alipopata wasiwasi alitega sikio, akasikia wema wa mwenzake, akatulia. Njoki alikwenda chumbani kwake mara mbili akakuta kufuli, akasema ameenda jiografia. Soila naye alikwenda, akakuta kufuli, akasema ameenda hisabati. Wema hauozi, walisema wazee, na mimi sina ugomvi na wazee, lakini huu niliuona umeoza mbele ya macho yangu.

Tulikwenda ploti aliyokodi, safu ya vyumba vya mawe nyuma ya soko. Kufuli lilikuwa bado mlangoni na limeanza kushika kutu. Jirani yake, mama anayeuza mboga, alisema Ndinda aliondoka zamani, kabla ya mvua, na begi dogo la mgongoni. Alimwuliza anaenda wapi. "Alisema anaenda kwao."

Mzee Kilonzo alitikisa kichwa. "Kwao ni kwangu," akasema. "Hakufika."

Mwenye ploti alipovunja kufuli tulikuta chumba kimefagiwa. Kitanda kimetandikwa, vitabu vimepangwa, sufuria limefunikwa mdomo chini. Mzee aliweka ndengu juu ya meza, akasimama hapo hajui aketi wapi. Kisha akazichukua tena.

Tulimtafuta. Mzee alizunguka vituo vya polisi na hospitali kutoka Athi River mpaka Namanga. Makanisa yalitangaza. Wanafunzi walibandika picha yake kwenye nguzo zote za stima za Kitengela, na Soila akaenda na nyingine mpaka Magadi. Bwana Parmuat aliposikia, aliacha mbuzi wake akaja na ile pikapu, tukarudi Oltepesi kuuliza shuleni, tukidhani labda alikwenda mahali alipowahi kufurahi. Mwalimu mkuu hakuwa amemwona. Watoto walikuja wakatuinamishia vichwa. Bwana Parmuat aliwagusa wote, kisha akaenda nyuma ya pikapu akakaa huko kwa muda, na mimi nikajifanya naangalia rejeta.

Chuo kilifanya kikao. Sitamtaja msimamizi aliyesema kwamba, kwa mujibu wa kumbukumbu, mwanafunzi alikuwapo darasani mpaka asubuhi ile, na kwa hiyo chuo hakiwezi kulaumiwa kwa kutokuwapo kwake. Alisema hivyo uso mkavu, na ikaandikwa. Niliinuka nikatoka nje, nikashuka mpaka kwenye duka la mabati, nikasimama karibu na msumeno ili nisijisikie nikifikiri. Njoki na Soila waliitwa kwenye kamati ya nidhamu wakapewa onyo. Njoki aliacha chuo muhula huo. Soila alimaliza, lakini sikumsikia tena akizungumza darasani isipokuwa kujibu jina lake mwenyewe.

Baada ya hapo likaletwa jambo la kutia saini, ili kila mtu ajithibitishe kwa mkono wake. Wiki ya pili walikuwa wakitiliana saini. Nasikia sasa mna mpango wa mashine ya kusoma vidole. Nawatakia heri, ingawa sioni heri yenyewe itatoka wapi. Tulijenga mahali ambapo mtu anaweza kutoweka na asipungue kwenye hesabu, na mashine haitalitibu hilo. Mkinitaka niwape fundisho, sina. Ninyi mna madarasa makubwa kuliko langu, na hata mkisimama mlangoni kutoa mkono, kipindi kitawaishia hapo.

Siku Mzee Kilonzo aliporudi kwao mara ya mwisho, alikuja ofisini. Hakuwa na koti lile la kanisani, nadhani aliliuza kwa nauli, sikuuliza. Alikataa chai. Akasema, "Mwalimu, wamesema watatoa jina yake. Wewe usitoe. Akirudi akute bado inaitwa."

Ofisi ililitoa. Mimi nikaliandika tena kwa kalamu, chini kabisa ya orodha, na kila kipindi nikaliita. Darasa lile lilijifunza kunyamaza vizuri. Darasa hilo lilipohitimu, nikaliandika jina hilo katika lililofuata, na lililofuata hilo. Wanafunzi wapya walidhani ni mtu anayechelewa kujisajili. Baadhi yenu mlinicheka mlipopita mlangoni, na mkuu wa idara aliwahi kuniambia kwa upole kwamba si utaratibu. Nilimwambia najua.

Kila Januari mzee alinipigia simu kutoka Kitui. Hatukuzungumza mengi. Aliuliza kuhusu mvua za Kajiado, akaniambia habari za mtama, kisha akauliza, "Mwalimu, bado unamwita?" Nami nikamjibu kila mara kwamba namwita.

Mwezi uliopita alipiga. Sauti yake imezeeka. Alipouliza swali lake nilimweleza kwamba nimestaafu, niko nyumbani, darasa amepewa mtu mwingine. Nikasikia kuku wakipita huko upande wake.

"Kwa hivyo huko chuo hakuna mtu anamwita sasa."

"Hakuna, baba Ndinda."

"Haya, mwalimu," akasema. "Asante kwa kumshikia."